Siku 23 za Mshale wa Buluu: Uchambuzi wa kisa cha polisi kumfuatilia dereva wa bodaboda mkoani Tabora

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea mkoani Tabora baada ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kuanza kutumika mwezi Mei 2023. Mimi ndiye niliyekuwa wakili wa utetezi. Nimeondoa majina yote, namba ya kesi, jina la kituo cha polisi, la kijiji na la kliniki, na nimebadilisha mambo machache ambayo yangemfanya jirani amtambue mhusika. Mteja wangu, ambaye hapa namwita Dereva, amesomewa maandishi haya na ameridhia yatumike kufundishia, kwa sharti moja tu kwamba ugonjwa anaotibiwa usitajwe. Namba za vifungu ninazotumia ni zile zilizokuwa zikitumika wakati wa kesi, hivyo msomaji azilinganishe na toleo jipya la sheria kabla ya kuzipeleka mahakamani.

Usuli

Mjini Tabora, kama ilivyo katika miji yetu mingi, vijana wengi wanaoendesha bodaboda hawamiliki pikipiki. Wapo wanaopeleka hesabu ya kila siku kwa mwenye chombo, na wapo wa mkataba, ambao hulipa kiasi fulani kila wiki kwa mwaka mmoja au zaidi hadi pikipiki iwe yao. Dereva alikuwa wa mkataba, na alikuwa amebakiza miezi minne amalize. Mwenye pikipiki ni mwalimu mstaafu ambaye aliwahi kuibiwa chombo kingine, na kwa sababu hiyo alifunga kifaa cha GPS chini ya kiti. Kifaa hicho kina laini yake ya simu, hupokea mawimbi ya setilaiti, hukokotoa mahali kilipo, kisha hutuma taarifa hiyo kwenye seva ambako mwenye akaunti huiona katika programu ya simu. Pikipiki inapotembea, kifaa hutuma alama mpya kila baada ya sekunde chache. Kwenye ramani huonekana mshale mdogo wa buluu unaosogea barabarani, na mwenye akaunti akitaka anaweza kurudisha nyuma na kuangalia safari za wiki zilizopita.

Dereva alijua kifaa kipo. Kilitajwa katika mkataba wao wa ukurasa mmoja ulioandikwa kwa mkono, katika sentensi isemayo kwamba chombo kina "ulinzi wa mtandao" na kwamba dereva haruhusiwi kukichezea. Sentensi hiyo aliisaini kwa hiari yake, na kwa muda wote wa kesi tulikuwa tukiirudia.

Tukio lililoanzisha upelelezi lilitokea msimu wa masoko ya tumbaku. Chama cha msingi katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Uyui, yapata kilomita 30 kutoka mjini, kilivunjiwa ghala na robota 14, yaani marobota ya tumbaku iliyofungwa tayari kuuzwa, zikatoweka. Mlinzi alikiri kwamba aliondoka kwenda kula na akakaa kati ya saa moja na nusu na saa mbili na nusu usiku. Kwa asiyelima tumbaku idadi hiyo inaweza kuonekana ndogo, lakini kwa wakulima wa kijiji kile robota hizo zilikuwa ada za watoto na deni la pembejeo. Shinikizo lililomwelemea mpelelezi lilikuwa la kweli, na nitaomba msomaji alikumbuke tutakapofika kwenye makosa yake.

Jinsi mambo yalivyokwenda

Mama mmoja anayeuza vitafunwa kwenye njia panda karibu na ghala aliwaambia polisi kwamba usiku ule aliona bodaboda ya mjini, akaitambua kwa namba ya kijiwe iliyokuwa kwenye kizibao cha dereva. Alipoulizwa ilikuwa saa ngapi alisema "usiku, watu walikuwa wengi." Katika maelezo yake yaliyoandikwa, maneno "watu walikuwa wengi" hayamo. Niliyasikia kwa mara ya kwanza alipoyatamka mwenyewe kizimbani, na kama yangeandikwa tangu siku ile ya kwanza, huenda kisa chote kisingetokea.

Kwa kutumia namba ya kijiwe, mpelelezi alimpata mwenye pikipiki kabla hajazungumza na Dereva. Alimweleza mzee kwamba chombo chake kinahusishwa na uvunjaji na kwamba akisaidia hatapata usumbufu. Mzee aliandika namba ya akaunti na neno la siri kwenye kipande cha karatasi ya daftari, akampa. Mpelelezi aliweka programu ile kwenye simu yake binafsi, akarudisha rekodi nyuma hadi usiku wa tukio, na akaona kwamba saa 19:40 pikipiki ilikuwa imesimama mita chache kutoka ghalani. Saa 19:40 ni saa moja na dakika arobaini usiku, muda ambao mlinzi alikuwa mezani.

Mpelelezi angeweza kumkamata Dereva siku ileile na kumhoji. Hakufanya hivyo, kwa sababu pikipiki moja haibebi robota 14 na alitaka kuwapata wenzake na ghala la kufichia mali. Aliamua kumfuata Dereva kwa mshale wa buluu, na akaendelea kwa siku 23. Kila jioni alichapisha safari za siku hiyo katika duka la huduma za kompyuta lililo jirani na kituo, akazipanga kwenye jalada, na kuandika pembeni kwa kalamu. Kurasa hizo nimezishika mikononi. Nyingi zina maneno ya kawaida kama "mzigo?" au "nyumbani." Katika kurasa tatu, pembeni ya mstari unaoonyesha kwamba pikipiki ilisimama zaidi ya saa moja na nusu mahali palepale asubuhi, ameandika: "Anakutana na nani hapa?"

Mahali hapo palikuwa kliniki. Dereva alikuwa ndiyo kwanza ameanza matibabu ya ugonjwa ambao alikuwa bado hajamwambia hata mke wake, na katika wiki zile za mwanzo alitakiwa kuhudhuria mara kwa mara. Mpelelezi, akiamini amegundua mahali pa kukutania, alikwenda kumuuliza mlinzi wa geti kama anamfahamu kijana mwenye kizibao cha namba fulani na huja kumwona nani. Mlinzi naye anaishi mtaa mmoja na ndugu wa Dereva.

Siku ya 23 Dereva alikamatwa akitoka getini pale pale. Katika maelezo ya onyo, yaani yale ambayo mshukiwa huyatoa polisi baada ya kuonywa kuhusu haki zake, alisema kwamba usiku wa tukio alimpeleka abiria kijijini, mtu mzima asiyemfahamu kwa jina, walitoka mjini karibu saa nne, na walipofika walikuta watu wamejaa ghalani. Mpelelezi alimjibu kwamba mashine inasema saa moja na dakika arobaini na mashine haina sababu ya kusema uongo. Dereva alikaa rumande siku 11 hadi wadhamini walipopatikana. Wakati huohuo mwenye pikipiki alikichukua chombo chake na mkataba ukaishia hapo.

Maamuzi ya utetezi na sababu zake

Nilipomtembelea rumande aliniambia neno ambalo baadaye lilikuwa msingi wa hoja yangu yote: "Wakili, kwamba bosi ananiona nilijua. Kwamba na afande ananiona, hilo sikulijua."

Nilikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kulipeleka suala hili Mahakama Kuu. Ibara ya 30(3) ya Katiba inampa haki hiyo mtu anayedai kwamba haki yake imevunjwa, na Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi, Sura ya 3, inaeleza utaratibu wake. Sheria hiyohiyo inamtaka hakimu wa mahakama ya chini, likizuka swali la uvunjaji wa ibara ya 12 hadi ya 29, kulipeleka Mahakama Kuu isipokuwa wahusika wakubaliane vinginevyo au swali lenyewe liwe la upuuzi. Mashauri ya namna hiyo husikilizwa na majaji watatu. Kwa elimu ya sheria nchini ingekuwa njia bora, kwa sababu tungepata tamko la wazi kuhusu ufuatiliaji wa mahali mtu alipo. Kwa Dereva ingekuwa na maana ya kesi ya jinai kusimama kwa muda usiojulikana, naye akiendelea kuripoti kila wiki na bila pikipiki ya kumwingizia kipato.

Njia ya pili ilikuwa kupinga vielelezo ndani ya kesi yenyewe kwa kutumia kifungu cha 169 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Kifungu hicho hakifuti moja kwa moja ushahidi uliopatikana kwa kuvunja sheria. Kinampa hakimu uamuzi, na kinaweka mzigo mahali pake, kwamba ushahidi huo usipokelewe ila mahakama iridhike kuwa kuupokea kutanufaisha umma kwa namna mahususi na kubwa bila kudhulumu isivyostahili haki na uhuru wa mtu yeyote. Miongoni mwa mambo yanayopimwa ni uzito wa kosa, uharaka uliokuwapo, ukubwa wa ukiukaji, na kama ushahidi huo ungeweza kupatikana kwa njia halali. Nilichagua njia hii, na Dereva aliichagua pamoja nami baada ya kuelezwa zote mbili. Sijutii uamuzi huo, ingawa najua kwamba kwa kuufanya tuliacha swali kubwa bila jibu.

Pingamizi langu liligawa rekodi sehemu mbili, yaani usiku mmoja wa tukio na siku 23 zilizofuata. Kuhusu usiku wa tukio nilipinga usahihi tu. Kuhusu siku 23 nilipinga uhalali. Wenzangu wawili walinishauri nipinge vyote kwa uzito mmoja. Niliona kwamba hakimu mwenye wakulima 14 ukumbini hatakubali kuambiwa kuwa polisi hawaruhusiwi kabisa kuuliza chombo fulani kilikuwa wapi saa ya uvunjaji, na kwamba nikiling'ang'ania hilo nitapoteza hata lile lenye haki.

Matokeo

Hakimu alikubali pingamizi kwa sehemu. Rekodi ya usiku mmoja ilipokelewa kupitia kwa mwenye pikipiki, aliyetoa ushahidi kama mwenye akaunti. Kurasa za siku 23 zilikataliwa. Sababu zake, kwa ufupi, zilikuwa kwamba hapakuwa na amri yoyote ya maandishi, hapakuwa na uharaka kwa jambo lililodumu wiki tatu, na kurasa hizo hazikuonyesha chochote kuhusu wizi ila zilionyesha mengi kuhusu maisha ya mshtakiwa.

Kilichoimaliza kesi ni risiti. Mwenye pikipiki alikuwa akidai risiti za mafuta wakati wa kupiga hesabu, kwa hiyo Dereva alikuwa akizitunza zote kwenye kopo la biskuti. Katika kopo hilo ilikuwamo risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki ya kodi, ya siku ileile ya tukio, iliyochapwa saa 16:14. Rekodi ya GPS ilionyesha pikipiki imesimama kwenye kituo hichohicho cha mafuta kuanzia saa 13:11 hadi 13:16. Tofauti ni saa tatu kamili. Kifaa kilikuwa kikiandika saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa tatu, na hakuna aliyewahi kuirekebisha. Kwa hiyo 19:40 ya kwenye karatasi ilikuwa 22:40 ya Tabora, yaani saa nne na dakika arobaini usiku. Na saa moja na dakika arobaini usiku, ambayo kwenye karatasi ni 16:40, pikipiki ilikuwa imesimama Ng'ambo, mjini, nyumbani kwa Dereva.

Abiria alikuwa katibu wa chama cha msingi. Alikuwa mjini siku ile, akapigiwa simu kuhusu uvunjaji, akakodi bodaboda. Yeye ndiye aliyekuwa shahidi wa kwanza wa upande wa mashtaka, na katika ushahidi wake alisema waziwazi kwamba alifika kijijini kwa bodaboda baada ya saa nne na nusu usiku. Sote tulimsikia: hakimu, mwendesha mashtaka, na mimi. Ni Dereva peke yake aliyeitambua sauti, akaninong'oneza wakati wa mapumziko.

Upande wa mashtaka uliiondoa kesi chini ya kifungu cha 98 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Kwa kuwa Dereva alikuwa hajaitwa kujitetea, kuachiwa huko si sawa na hukumu ya kumwona hana hatia, na kisheria angeweza kushtakiwa tena. Hakushtakiwa tena.

Uchambuzi

Ridhaa ya mwenye chombo

Hoja nzito kuliko zote ya upande wa mashtaka ilikuwa kwamba pikipiki ni mali ya mzee, akaunti ni ya mzee, na mzee ameridhia. Ukiisikia mara ya kwanza inaingia akilini. Lakini Ibara ya 16(1) ya Katiba hailindi pikipiki. Inamlinda mtu: nafsi yake, maisha yake binafsi, familia yake na unyumba wake, maskani yake na mawasiliano yake ya binafsi. Mzee alikuwa na haki ya kujua mali yake iko wapi ili isiibiwe, na Dereva alikubali ajue kwa sababu hiyo. Haki ya kujua Dereva anatibiwa nini, analala wapi na anamtembelea nani, mzee hakuwa nayo, na mtu hawezi kumpa polisi kitu ambacho yeye mwenyewe hana. Ridhaa ya Dereva ilikuwa na mpaka, na mpaka wake ni lile kusudi la kulinda chombo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imejengwa juu ya wazo hilohilo, kwamba taarifa iliyokusanywa kwa kusudi moja isigeuzwe kuwa ya kusudi jingine. Ni kweli sheria hiyo ina misamaha inayohusu upelelezi wa jinai. Hata hivyo msamaha wa sheria ya kawaida hauwezi kuifuta Ibara ya Katiba, na ndiyo maana hoja ilibidi ianzie kwenye Katiba.

Usiku mmoja na siku 23

Ibara ya 16(2) inaitaka Mamlaka ya Nchi iweke utaratibu wa sheria kuhusu hali, namna na kiasi ambacho faragha ya mtu yaweza kuingiliwa. Maneno hayo matatu yanastahili kusomwa polepole. Mpelelezi wetu alikuwa na hali, kwa maana ya uvunjaji uliothibitika na shahidi aliyetaja kijiwe. Namna na kiasi hakuwa navyo.

Namna ilikuwa inapatikana. Kifungu cha 32 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinamruhusu mkuu wa kituo cha polisi, kwa ajili ya upelelezi, kutoa amri kwa mtu yeyote mwenye data aitoe. Amri hiyo ingeandikwa kwa mzee, ingetaja tarehe na saa, na ingebaki kwenye jalada. Ingechukua dakika 20. Nina maoni yangu kuhusu kifungu hicho, kwa kuwa naona ni hatari polisi kujipa ruhusa wenyewe bila kupita kwa hakimu, lakini hata ngazi hiyo ya chini ilirukwa, nafasi yake ikachukuliwa na karatasi ya daftari yenye neno la siri. Na kifungu hicho kinazungumzia kutoa data iliyopo. Sioni namna ya kukinyoosha kikawa ruhusa ya kumfuata mtu siku 23 zijazo.

Kuhusu kiasi, Mahakama ya Rufani ilishatuwekea kipimo tangu miaka ya 1990, katika mashauri ya Daudi Pete na Kukutia Ole Pumbun. Sheria inayopunguza haki ya msingi ni lazima isiwe ya kiholela na iwe na vizuizi vya kutosha dhidi ya matumizi mabaya ya wenye mamlaka, na isivuke kiwango kinachohitajika kufikia lengo halali. Kama sheria iliyotungwa na Bunge inapimwa hivyo, uamuzi wa mpelelezi mmoja usio na sheria nyuma yake hauwezi kupimwa kwa kipimo chepesi zaidi.

Nchi nyingine zimelipitia jambo hili, na ingawa hukumu zao hazitufungi, zinasaidia kufikiri. Katika shauri la Jones la mwaka 2012, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikabiliwa na polisi waliofunga kifaa cha GPS chini ya gari na kulifuatilia siku 28. Walikuwa na hati ya mahakama ya siku 10, lakini walifunga kifaa siku ya 11 na nje ya eneo lililotajwa. Majaji wote tisa walikubali kwamba huo ulikuwa upekuzi, ingawa walitofautiana sababu. Baadhi yao walitazama kitendo cha kugusa gari la mtu, wengine wakatazama muda mrefu wa kufuatiliwa. Hapa somo linahitaji uangalifu. Kwa Dereva polisi hawakugusa chochote, kifaa kilikuwapo tayari, kwa hiyo sababu ya kugusa isingemsaidia. Shauri lililo karibu zaidi na letu ni la Carpenter la mwaka 2018, ambamo polisi walichukua kutoka kampuni za simu rekodi za siku 127 zenye alama 12,898 za mahali alipokuwa mtu mmoja. Kwa kura 5 dhidi ya 4, mahakama ilisema kwamba kuwa rekodi ziko mikononi mwa mtu wa tatu hakuondoi haki ya mhusika. Kwa upande mwingine, mahakama ya haki za binadamu ya Ulaya, katika shauri la Uzun dhidi ya Ujerumani la mwaka 2010, ilikubali ufuatiliaji wa GPS wa takriban miezi mitatu, kwa sababu kosa lilikuwa ulipuaji wa mabomu, sheria ilikuwapo, na njia nyepesi zaidi zilikuwa zimejaribiwa zikashindikana. Nililitaja shauri la Uzun mbele ya hakimu ingawa lilikuwa dhidi yangu, na naamini ndilo lililomsaidia zaidi, kwa kuwa lilimwonyesha ruhusa halali inafananaje.

Mashine na karatasi za kawaida

Kosa la saa tatu lingeweza kugunduliwa siku ya kwanza na mtu yeyote ambaye angesimama karibu na pikipiki huku akiangalia simu. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 kinataka mahakama, inapopima uzito wa ushahidi wa kielektroniki, itazame jinsi ulivyotengenezwa, ulivyohifadhiwa na kama unaaminika. Mpelelezi hakuwahi kujiuliza saa ile ni ya wapi. Kinachoniuma zaidi ni kwamba baada ya kuiona namba 19:40 aliacha kusikiliza. Mama wa vitafunwa alimwambia watu walikuwa wengi, Dereva alimwambia walitoka mjini karibu saa nne, na katibu alimwambia alikuja kwa bodaboda. Watu watatu walisema jambo moja, akaamini ramani.

Ingekuwa dhuluma nikisema alifanya yote vibaya. Kutomkamata Dereva haraka ili awapate wengine lilikuwa wazo zuri la upelelezi. Na lau angeiomba data ya minara ya simu badala ya GPS isingemsaidia, kwa sababu vijijini huko mnara mmoja huhudumia kilomita nyingi za pori la miombo na usingetofautisha ghala na kijiji cha pili. Alihitaji GPS. Alihitaji ya usiku mmoja, kwa amri ya maandishi, na iliyolinganishwa na saa ya ukutani.

Kosa langu

Sheria yetu ya vielelezo, kama ilivyoelezwa katika shauri la Robinson Mwanjisi la mwaka 2003, inataka hati ipingwe au ikubaliwe kwanza, ipokelewe, ndipo isomwe mahakamani. Utaratibu huo ulimlinda Dereva, kwani kurasa za siku 23 zilikataliwa kabla ya kusomwa. Lakini nilipokuwa nikilitetea pingamizi, nikitaka hakimu aone ukubwa wa madhara, nilieleza kwa sauti, ukumbi ukiwa umejaa, kwamba kurasa hizo zinaonyesha mteja wangu akihudhuria kliniki, siku gani na kwa muda gani. Sikutaja ugonjwa. Haikuhitajika, maana mjini kila mtu anajua kliniki hiyo inatibu nini. Nilipogeuka nilimwona mke wake kwenye benchi la tatu, kitenge amekishika mdomoni.

Mlinzi wa geti alikuwa ameanzisha minong'ono, lakini aliyeitaja kliniki mbele ya umma kwa mara ya kwanza alikuwa wakili wake. Nilipaswa kuomba pingamizi lisikilizwe bila watu ukumbini, au niwasilishe sehemu hiyo kwa maandishi na kumwomba hakimu azitazame kurasa mwenyewe. Tangu siku hiyo, kila ninapopinga ushahidi kwa sababu ya faragha, huanza kwa kujiuliza maneno yangu mwenyewe yatafichua nini, na huwauliza hivyo pia mawakili wadogo ninaofanya nao kazi.

Baada ya kesi

Nilimweleza Dereva kwamba anaweza kulalamika mbele ya Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na kwamba njia ya Mahakama Kuu bado ipo, hasa kwa kuwa yeye ndiye aliyeguswa moja kwa moja, jambo ambalo Sura ya 3 inalitaka tangu marekebisho ya mwaka 2020. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Wakili, nashukuru. Nimechoka kutajwa." Nilifunga jalada. Wapo wenzangu wanaoona nilipaswa kumshawishi, kwa sababu swali la Ibara ya 16 linahitaji mtu wa kulibeba. Naafiki kwamba linahitaji mtu. Mtu huyo achague mwenyewe.

Mwezi uliofuata viongozi wa kijiwe walinijia na mkataba wa ukurasa mmoja, wakaomba niuongezee. Tuliandika kwamba taarifa za kifaa ni za kulinda chombo tu, kwamba mwenye chombo hatampa mtu mwingine neno la siri, na kwamba polisi wakizihitaji walete amri ya maandishi inayotaja siku na saa, nakala apewe dereva mapema iwezekanavyo bila kuharibu upelelezi. Sehemu hiyo ya mwisho tulibishana juu yake jioni nzima. Mwalimu mstaafu alikuwapo. Alikuwa wa kwanza kusaini, na aliniuliza kwa sauti ya chini kama kijana anaweza kurudi kumalizia ile miezi minne.

Hakurudi. Anafanya kazi ya kupakia mizigo stesheni, na dawa anachukua katika wilaya nyingine. Siku ya kliniki huondoka alfajiri kwa basi, na simu huiacha nyumbani.